Neno la Kiingereza linalomnyima usingizi Mama Vifungo

Fundi rangi ameshapanda ngazi na kopo lake la rangi nyeupe. Chini, Mama Vifungo ameing'ang'ania ngazi kwa mikono miwili.

"Fundi, usiguse bado! Mwalimu hajafika."

Juu ya mlango wa duka lake la vifungo, nyuzi na zipu pameandikwa neno moja: HABERDASHERY. Aliliandika marehemu baba yake. Alilikuta kwenye duka alikoajiriwa ujanani, na alipofungua lake akalinakili herufi kwa herufi.

Kaka yake, ambaye ni mbia wake, amelichoka. "Wapita njia wanadhani tunauza dawa," analalamika. "Tuandike 'Vifungo', yaishe!"

Walikubaliana kwamba asili ya neno isipojulikana hadi leo, litafutwa.

Mama Vifungo hatulii. Anaingia, anatoka, anapangua boksi alilolipanga sasa hivi. Kazi yake ni kutafuta: mteja huleta kifungo kimoja, yeye humtafutia kinachofanana nacho.

"Asili ya neno hili ndiyo imenishinda," anasema. "Nilimuuliza baba nikiwa mdogo, akasema, 'Nitakuambia kesho, mwanangu.' Kesho hiyo haikufika mpaka tukamzika. Hakujua, masikini, akaona haya kusema. Inaniuma."

Mwalimu wa Kiingereza, mteja wake wa siku nyingi, anafika akihema. Amepekua kamusi kubwa.

"Inaelekea limetokana na 'hapertas', neno la Kifaransa kilichosemwa Uingereza zamani. Maana yake ni bidhaa ndogo ndogo."

"Na hilo hapertas limetoka wapi?"

"Hapo sasa, Mama, hata wataalamu wamekwama. Hawajui."

Kaka anapiga makofi. "Umesikia? Fundi, paka!"

"Thubutu!" Mama Vifungo anaidaka tena ngazi, inayumba.

"Mama, utaniangusha!" fundi anapiga kelele.

"Kaka, baba wa babu yetu unamjua?"

Kaka anakuna kichwa. "Simjui."

"Mbona jina la ukoo hujalifuta?"

Fundi anaangua kicheko huko juu. Kaka anajikaza, kisha naye anacheka. "Haya, umeshinda. Lakini 'Vifungo' liandikwe chini yake."

Ungedhani sasa Mama Vifungo atatulia. Wapi! Ameshamwomba mwalimu aendelee kuulizia, na kila mgeni anayeingia dukani anakutana na swali kabla ya salamu.

"Ipo siku mtu atajua lilikotoka," anasema, macho juu kwenye herufi za baba yake. "Nataka siku hiyo apite hapa, alione, aingie aniambie. Nikilifuta, atajuaje kwamba kuna mtu anamsubiri?"