Flashi ya Mama Mkwe

Saiba ya Sahra iko nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa, na ina kompyuta tano. Ile ya mlangoni haina intaneti wala haijaunganishwa na zile nyingine. Kila flashi huanzia hapo, ichunguzwe virusi kwa dakika ishirini, mwenyewe akisubiri kwenye benchi. Chifu alisubiri. Imamu alisubiri. Mimi, mwalimu niliyetoka Voi na haraka zangu, nilisubiri nikinung'unika. Wachuuzi wa mbuzi ndio hawakulalamika hata siku moja. Wao mbuzi aliyenunuliwa Takaba humtenga wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake.

Kisha akaja Muslimo, mama mkwe wa Sahra, na flashi ya video za harusi, akizitaka kwenye simu. Sikuwepo, nilisimuliwa baadaye. Sahra akamwonyesha benchi. Muslimo akamuuliza kwa Kisomali, "Mimi ni mgeni hapa?" Huku, mke anayemkalisha mama mkwe foleni na wapita njia atasemwa mpaka Bute, kaskazini kabisa. Basi Sahra akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyounganishwa na zote.

Kufikia adhuhuri hakuna faili iliyofunguka. Zilikwenda barua za watu, fomu za basari ya karo, na mtihani wangu wa kidato cha tatu ambao sikuwa na nakala yake kwingine. Nilimfokea, tena mbele ya watu. Akajibu kwamba alizembea yeye. Hakumtaja mtu. Wateja wakahamia saiba ya ng'ambo ya barabara, na Muslimo akawa anawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe hajui kutunza mashine. Kodi ya duka nayo ikawa inamkaribia Sahra.

Baada ya wiki mbili Muslimo akarudi na flashi ileile. Mimi nilikuwepo, kwa sababu printa ya ng'ambo hutafuna karatasi. Sahra aliipokea kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye kompyuta ya mlangoni. "Mama, leo itasubiri," akasema kwa Kisomali, na hata mimi nilielewa.

Kioo kikajaa maandishi mekundu. Virusi kumi na saba. Muslimo hajui kusoma, ila wekundu ule aliuelewa. Akauliza kitu kwa sauti ya chini, akinyoosha kidole kwenye kompyuta ya Sahra. Sahra akaitikia kwa kichwa.

Muslimo akatugeukia sisi wanne tuliokuwa tumekaa, akaongea Kiswahili chake cha sokoni ili na wasiojua Kisomali tusikie.

"Ile ugonjwa ya kombyuta ilitoka kwa mimi. Huyu msichana yangu hana makosa. Nyinyi mlimbigia kelele bure."

Alikuwa akinitazama mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kazi. Nikasimama, nikasema, "Samahani, Sahra." Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, analia.