Koti la Kijivu la Baba Pendo

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Editha kiliuzwa kwa mtu binafsi, na haikupita miezi mingi mashine zikazimwa. Miaka yote aliyokaa pale alishona mifuko ya mashati, mifuko tu. Ndiyo maana binti yake Pendo alipopata mchumba, na baba mtu akahitaji koti la kumsindikizia bibi harusi kanisani, Editha hakujua ashike wapi.

Makoti ya mitumba yalijaa soko zima la Morogoro siku hizo. Shida ilikuwa bega la mumewe, Stephano. Aliwahi kuangukiwa na mzigo wa miwa akiwa kibarua shambani, mfupa ukaunga vibaya. Bega la kulia likabaki limeshuka na mkono hauinuki kupita kifua. Kila koti alilojaribu lilimlalia upande. Fundi wa mjini alimpima, akasema ana kazi nyingi, arudi mwezi ujao. Harusi ilikuwa wiki ya pili ya mwezi huo huo, koti lisingewahi.

"Nitalishona mimi," Editha alisema, na papo hapo akajuta.

Alinunua kitambaa cha kijivu, kipande cha mwisho dukani. Akafumua koti moja la mtumba ili aone lilivyo ndani: bitana, pedi za mabega, kitambaa kigumu kinachosimamisha kifua. Alivyozidi kufumua ndivyo alivyozidi kuogopa. Kwa kuwa mabega ya Stephano hayakulingana, hakuweza kukunja kitambaa na kukata pande zote mbili kwa pamoja. Alikitandaza wazi sakafuni, akakata upande mmoja mmoja. Usingizi ulimpaa.

Siku aliyokata mikono, jirani yake Pili, Mluguru wa Kinole, aliingia na kikapu cha machungwa. Akasimama akitazama vile vipande.

"Dada Editha, mikono yote miwili mbona ya kushoto?"

Editha aliigeuza huku na huku. Ni kweli. Mkono wa kulia haukuwepo, na kitambaa kilichobaki kilikuwa vipande vipande. Alikwenda dukani mbio mbio, akaambiwa rangi ile imekwisha. Njiani kurudi nyumbani Kilakala alikuwa akijisemea peke yake barabarani.

Jioni alimweleza mumewe, macho ameyatupa chini. "Baba Pendo, nimekuharibia kitambaa. Utamtoa mtoto ukiwa na shati tu."

Stephano aliokota kipande kimoja sakafuni. "Kinapungua cha mkono upi?"

"Wa kulia."

"Si ndio huu mbovu? Haupandi, Mama Pendo. Nani ataona chini yake? Unga tu."

Basi akaunga. Baki kubwa lilitosha upande wa juu wa mkono. Upande wa chini, unaogusana na mbavu, aliuunganisha vipande vitatu na kupiga pasi ya mkaa mpaka viungo vikalala. Bega la kulia alilijazia pedi mbili. Ijumaa, mkesha wa harusi, Stephano alipolivaa, mabega yalikaa sawa. Editha alilizunguka mara kadhaa, akavuta hapa, akavuta pale, hakuridhika.

Kanisani hakusikia mahubiri. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkono. Wakati wa picha, mpiga picha alisema, "Mzee, mshike bibi harusi begani." Stephano, kwa furaha, akajaribu. Mkono ulipanda kadiri ulivyoweza, viungo vya kitambaa vikaonekana wazi juani, na Editha akaziba mdomo kwa kitenge. Uzi haukukatika. Pendo aliinama kidogo ili mkono wa baba yake umfikie, na picha ikapigwa.

Mama mkwe wa Pendo alimsogelea Editha. "Koti la mzee mmeshonesha kwa nani? Mume wangu naye ana kibiongo."

Editha aliutazama tena ule mkono. "Nyumbani," alisema. "Lakini mwambie aje mwenyewe nimpime."