Siku Babu Alipowapa Pole Watu wa Jezi Nyeusi

Wakubwa watanicheka nikisema enzi zetu, maana hata ndevu zangu hazijajaa. Lakini kwa sisi tuliosoma shule ya msingi kule Masoko kabla kila mtoto hajashika simu janja, zile ni enzi, na zimeshapita. Ninaandika polepole, niwakumbushe wenzangu wa rika langu ile miezi ya baridi tulipokuwa wachezaji wa raga, sisi ambao hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha mpira wa raga wenyewe.

Aliyetuletea raga ni baba mdogo Lwitiko, mdogo wake baba. Alikuwa ameishi Afrika Kusini miaka mingi akipaka rangi majumba ya watu, akarudi na begi moja, televisheni na kisimbuzi. Dishi alilifunga juu ya mwanzi nyuma ya nyumba yake, na upepo ukivuma picha ilikatika, mmoja wetu akakimbia kwenda kuushika ule mwanzi. Watu wazima walikuja wakitegemea kuona ligi yetu ya nyumbani. Kisimbuzi kilikuwa cha kule, kikashika stesheni za kule tu, na msimu ule zilionyesha mashindano ya mataifa ya kusini mwa dunia: Afrika Kusini, Nyuzilandi, Australia na Ajentina, wanaokutana kila mwaka na kila mmoja anataka kumkomoa mwenzake. Wanaume wa kijijini walitazama watu wazima wakirundikana juu ya mpira mmoja, wakauliza hapo refa anangoja nini, wakajiondokea. Sisi watoto tulibaki.

Wale wa Nyuzilandi walipocheza kwao, kwao ilikuwa usiku na kwetu Jumamosi asubuhi. Tulifika miguu imelowa umande, kila mmoja na ndizi yake ya kuchoma bado ya moto, akiihamisha mkono huu na huu. Tulikaa juu ya magunia matupu ya kahawa. Chumba kilinuka moshi, kahawa mbichi na kandambili zilizolowa. Baba mdogo alitufundisha kwamba mpira unarushwa nyuma wakati watu wanakwenda mbele, jambo ambalo rafiki yangu Gwamaka alilikataa kwa wiki nzima akisema hiyo ni dhuluma.

Mpira wetu ulikuwa ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Lina umbo lile lile, na uzito wake unashika vizuri kifuani. Wakulima hulikata ndizi zikishajitokeza, kwa hiyo tulikuwa tunawafuata wenye migomba kama kuku wanavyomfuata mtu mwenye pumba. Ubaya wake ni kwamba kila likidakwa lilibanduka ganda, na kipindi cha pili tulikuwa tunagombania kitu kidogo kama yai. Tena utomvu wake ukiingia kwenye shati hautoki hata ufue kwa jiwe. Sweta zetu za shule zilikuwa za kijani, ikawa kila mtu ni Afrika Kusini. Wasio na bahati walipangwa kuwa Nyuzilandi, wakapaka sweta masizi ya sufuria ili ziwe nyeusi. Mama aliniona narudi hivyo, akaniambia taratibu, "Safari hii hao Wanyuzilandi wako ndio watakufulia." Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, timu moja ikipanda na nyingine ikiteremka, na waliokuwa wanapanda daima walidai mechi imeisha. Mpwa wangu wa siku hizi anacheza raga kwa vidole gumba, amekaa kwenye kochi, halafu anamwambia mama yake amechoka.

Lakini furaha yote ile ilikuwa na kidonda ndani yake. Babu, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, hatua chache tu kupita migomba, hakuwa anaongea na baba mdogo. Bibi alikuwa amefariki baba mdogo akiwa bado Afrika Kusini, na hakuja kuzika. Tangu arudi, Babu hakuwa amemtupia neno. Akitaka kumwambia kitu alitutuma sisi: mwambieni huyo mwenye dishi mbuzi wake yuko kwenye maharage yangu. Baba mdogo naye alikuwa anasimama pale pale anasikia yote, anangoja tumfikishie, anajibu kupitia kwetu. Tulicheka kwa sababu tulikuwa watoto. Yeye hakucheka. Kila jioni alimpelekea Babu kuni, anaziweka mlangoni, anakohoa kidogo, anasubiri. Siku moja nilimsikia akimwambia mama kwamba hataki kitu kingine chochote, anataka tu mzee amwite jina lake kabla hajafa.

Jumamosi moja Babu alikuja kututafuta, maana tulitakiwa kwenda kuchuma kahawa na tulikuwa tumejificha kwa baba mdogo. Hakuwahi kuingia humo. Alisimama mlangoni na fimbo yake, tayari kutukemea, macho yakaangukia kwenye televisheni. Wale wa jezi nyeusi walikuwa wamesimama mstari mmoja, wameshikana mabega, wimbo wa taifa unaimbwa. Mmoja wao, jitu kubwa lenye shingo kama kisiki, alikuwa analia waziwazi. Kisha wakatawanyika, wakainama, wakaanza kukanyaga ardhi, kupiga mapaja na vifua, kupiga kelele, macho wameyatoa.

Babu alivua kofia yake. Akasema, "Ndaga, ndaga," ambayo kwetu ni pole unayompa mtu aliyefiwa. Halafu akauliza, na swali halikuelekezwa kwetu.

"Gwe Lwitiko, kwao kafa nani?"

Gwamaka aliangua kicheko, na wengine wakafuata. Baba mdogo alituinulia mkono tukanyamaza. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba hawajafiwa, ndivyo wanavyocheza kabla ya mchezo, ni desturi ya mababu zao.

"Hapana," Babu akasema. "Wamevaa nyeusi, analia yule, wanakanyaga. Watu hawakanyagi hivyo bure."

Kwa ajili ya wasiojua, wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa wakimzika mtu mzima kwa ngoma. Wanaume wa ukoo walishika mikuki, wakakanyaga ardhi mbele ya kaburi mpaka vumbi linapanda, wakimwonyesha marehemu kwamba ameacha watu wenye nguvu. Siku hizi ni kwaya na spika, na wazee wa kanisa hawapendi mambo hayo sana. Lakini Bibi alipofariki Babu aliwaomba, na ngoma ilichezwa.

Babu alibaki ameshika kofia. Akasema, "Mama yako alichezewa na watoto wa wenzake."

Nadhani maneno hayo yalikuwa yamekaa kifuani mwake muda wote ule. Baba mdogo aliinuka akazima televisheni, mechi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kunung'unika. Akamweleza baba yake akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kwamba hakuwa na vibali vya kukaa kule, kwamba habari ilimfikia Bibi ameshazikwa, kwamba alijifungia chumbani siku hiyo na wenzake walidhani anaumwa. "Sikujua nije kumlilia nani, baba, wakati mmeshamaliza kulia."

Babu aligeuka akatoka, na sisi tukajua imekwisha, atarudi kuwa bubu. Akapita kwenye migomba. Alipofika kaburi la Bibi, lile lililosakafiwa kwa saruji nyuma ya nyumba yake, akachukua ndoo ya kuchotea maji, akaigeuza, akakaa kwenye kigogo na kuanza kuipiga.

Baba mdogo alimfuata. Alianza vibaya. Alikuwa amesahau, au hakuwahi kujua, miguu inakwenda ovyo. Babu akasimamisha mkono. "Kanyaga. Unatembea kama mtu aliyeingia kwenye bustani ya mboga ya mwenzake." Baba mdogo akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akakanyaga. Safari hii ardhi ilisikia. Tukamfuata na sisi, nyuma yake, wenye sweta za kijani na wenye masizi, tukikanyaga kwa mchanganyiko wa kile tulichokiona kwenye televisheni na kile Babu alichokuwa anapiga. Hakuna aliyetuzuia.

Kelele zile ziliwatoa watu majumbani. Jirani yetu Mama Atupele alifika mbio, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekuja msibani, anahema, akauliza nani tena jamani.

Babu hakuacha kupiga ndoo. "Ni mke wangu," akasema. "Mwanawe amefika."

Mama Atupele akajishika kichwa, akamtazama baba mdogo, kisha akaanza kumlilia Bibi upya kabisa, kana kwamba amefariki asubuhi ile. Wanawake wengine walipokuja walileta maziwa na ndizi, na tulikula pale pale kando ya kaburi mpaka jua likaingia nyuma ya kilima. Kahawa haikuchumwa. Matokeo ya mechi sikuyajua, na hadi leo siyajui.

Babu hayupo sasa. Yeye alichezewa na mwanawe, na sisi nyuma. Mimi nafanya kazi Tukuyu mjini, napanga chumba Ibighi, na mashindano yale yakifika nayaona kwenye kioo kidogo cha simu, picha haikatiki, hakuna mwanzi wa kushika. Vijana ninaopanga nao hutazama marudio, wakiwaona wale wa jezi nyeusi wakikanyaga wanacheka, wanavuta mbele wafike kwenye magoli. Siwalaumu. Hawakukaa juu ya gunia la kahawa, na mimi si mwongeaji wa kuwaeleza.

Ila mechi ikiwa mubashara, wakianza tu kukanyaga, simu yangu huita. Ni baba mdogo kutoka Masoko. Napokea, hatuongei. Nasikia tu mguu wake ukipiga sakafu upande ule, nami naushusha wangu taratibu upande huu, mpaka wale wa kwenye televisheni yake wamalize.