Kizazi cha Mama Kamba

Kwenye karakana ya kushona nguo za hospitali, kila mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye hakuwa na mtoto, na kazi yake kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kushonea kamba kwenye magauni ya wagonjwa, mbili shingoni na mbili kiunoni. Basi wenzake wakampa mtoto: wakamwita Mama Kamba. Siku ya kwanza alicheka. Siku zilizofuata aliitika tu, maana jina likishashika huna pa kulipeleka.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, anaishi peke yake katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Mchumba aliwahi kuwapo, tena wa miaka mitano, akaenda kuoa kwingine bila hata kuaga vizuri. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, mwenye watoto wanne, ambaye tangu mama yao afariki alijipa kazi ya kumwamulia mdogo wake kila kitu, kuanzia rangi ya pazia.

Saratani ya shingo ya kizazi ilionekana siku karakana nzima ilipopelekwa kupimwa, wamepangwa foleni kama mbuzi wanaokwenda josho. Wenzake walirudi na majibu mazuri na soda mkononi. Yeye aliambiwa arudi wiki ijayo.

Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimchorea kwenye karatasi. Uvimbe haujafika sentimita mbili, wala picha hazikuonyesha kwamba umetambaa. Njia ya kawaida ilikuwa kutoa kizazi chote. Lakini kwa uvimbe mdogo namna ile ipo njia nyingine: kukata shingo ya kizazi peke yake, kuuacha mfuko, na kupitisha uzi imara pale chini ili siku moja uweze kubeba mimba. Hakumficha kitu. Huenda mimba isishike, ikishika huenda mtoto akazaliwa kabla ya wakati, na kujifungua kutakuwa kwa upasuaji. Tena watatangulia kutoa tezi za nyonga na kuzipeleka maabara yeye akiwa bado amelala. Zikikutwa na ugonjwa, mpango huo unakufa papo hapo, na mionzi itakayofuata haitamwachia uzazi.

"Kwa hiyo nitalala sijui nitaamkaje," alisema Mama Kamba.

"Ndiyo. Ndiyo maana nakuuliza kwanza. Unataka watoto?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu walimuuliza lini, na nani, na anangoja nini. Alisema anataka, kisha akaona aibu, kana kwamba ameomba kuongezewa chakula ugenini.

Dada yake hakutaka hata kusikia. Alikuja siku hiyohiyo na maneno yake yamepangwa: toa kila kitu upone, kizazi bila mume unamtunzia nani, na watoto unao tayari. Wanawe si wanamwita mama mdogo? Mama mdogo si mama? Mama Kamba alijua kubishana naye ni kujichosha bure. Akasema yaishe, atatoa chote. Aliongopa bila kupepesa macho, akaenda peke yake kutia sahihi fomu ya ile njia nyingine. Hilo ndilo kosa lake, na ni vigumu kumlaumu sana. Kuna watu ukiwaeleza jambo lako, linageuka kuwa lao.

Asubuhi ya upasuaji alipewa gauni, akalijua kabla hajalivaa. Mshono ulikuwa wake. Kamba za shingoni alizifunga. Za kiunoni ziko nyuma, pembeni sana, zinahitaji mkono wa mtu mwingine. Miaka yote ile ameshona maelfu ya kamba hizo, na haikumjia hata mara moja kwamba mgonjwa anaweza kuja hana wa kumfungia. Alilishika gauni kwa nyuma kwa mkono mmoja, akatembea hivyo hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Alipoamka koo lilikuwa kavu. Muuguzi alimwambia daktari anakuja, na kuja kwenyewe kukachukua saa mbili, ambazo alizikaa viganja vikiwa juu ya blanketi, anaogopa hata kugusa tumbo.

"Tezi ni safi," daktari alisema. "Kizazi kipo."

Kipande walichokata kilikuwa bado kinachunguzwa, lakini kingo zake zilionekana salama. Mama Kamba alilia. Furaha ilikuwa kubwa na hakuwa na wa kumpa. Alichukua simu, akapitia majina mpaka la mwisho, akaiweka chini.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, dada yake aliingia macho yamevimba. Alikuwa na kitindamimba wake wa kike, wa miaka sita, amevalishwa viatu vya sikukuu, na begi la nguo. Alikaa kitandani, akasema ameshazungumza na shemeji na wamekubaliana.

"Huyu ni wako, mdogo wangu. Nimemfundisha njiani." Akamsogeza mtoto. "Mwamkie."

"Shikamoo, mama," mtoto alisema, macho yake yako kwa aliyemleta.

Neno lile alikuwa amelingoja miaka mingi. Angeweza kunyamaza tu, na mtoto angekuwa wake. Lakini dada yake hakuwa ameachia begi. Vidole vilikuwa vimeukamata mkanda wake mpaka vimepauka.

"Dada, hawakukitoa," alisema. "Nilikudanganya. Kizazi ninacho."

Hasira ilipita usoni mwa dada yake, kisha ikaja nafuu, nayo hakuweza kuificha. Alimvuta mtoto akamkumbatia kwa nguvu mno, akalia mbele ya wodi nzima. Mama Kamba alimwambia hana kinyongo. Alimwambia pia kwamba mtoto amechoka, wawahi nyumbani.

Waliondoka ikiwa imebaki nusu saa ya kuona wagonjwa. Vitanda vingine vyote vilikuwa na watu. Akabaki na kizazi chake, akimsikiliza mtoto anavyoruka ngazi mbilimbili kwenda chini, anamuuliza mama yake kama leo atalala kwao.