Wakili Pingamizi Aacha Mahakama

Kwa miaka kumi na mmoja mawakili wenzake walimwita Pingamizi, na hata mahakimu walikuwa wameshalisahau jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua ukuta. Shahidi wa upande wa pili akifungua mdomo tu, yeye keshasimama. Siku moja alimwekea pingamizi shahidi aliyekuwa anakohoa, akidai anapoteza muda wa mahakama, na hakimu akaliandika.

Alifanya kazi kwenye chemba ya uwakili ya mjomba wake, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, majalada yamerundikana hadi dirishani na feni inageuka upande mmoja tu, wa mjomba. Kesi iliyomtoa pale ilikuwa ya ukuta. Majirani wawili waligombea hatua tatu za ardhi kwa miaka tisa, na yeye alimtetea mmoja wao. Mwaka wa tisa, amejiandaa na hoja zake za mwisho, joho limepigwa pasi, akawakuta wote wawili kwenye benchi la korido wameegemeana, wanasinzia. Watoto wao walikuwa wameoana, ukuta umeshabomolewa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Tulikuwa tunakuja tu, wakili," mteja wake alisema kwa aibu. "Tumezoea."

Wiki ile ile akaomba kazi kwenye kampuni kubwa ya mawakili wa biashara. Mjomba alipopata habari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo unakwenda kuandika mikataba? Wakili asiyesimama ana tofauti gani na karani?"

"Kiyoyozi, Mjomba."

Kampuni ilikuwa ghorofa ya nane: kuta za kioo, zulia la kijivu linalomeza hatua, na watu wanaoongea kama wako wodini. Kwenye kikao chake cha kwanza aliombwa maoni kidogo tu. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaanza, "Ikiwapendeza waheshimiwa..." Kikao kilipokwisha akatoka kinyumenyume huku akiinamisha kichwa, kama atokavyo mbele ya hakimu, mpaka akakalia chungu cha maua.

Katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyeona mengi katika ofisi ile, alimvuta pembeni.

"Dada, hapa hatupigani. Hapa tunapendekeza. Ukiona kosa, sema 'huenda tukaliangalia hili'."

"Na mtu akisema uongo?"

"Sema mara mbili."

Basi akanyamaza. Wiki tano alisoma mikataba minene kama matofali, akasahihisha koma, akatabasamu. Lakini ile njaa ya kuhoji haikumwisha. Aliibeba akaenda nayo nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa watu, akawa ndiye shahidi.

"Unasema umenitilia sukari vijiko viwili. Umehesabu, au unakisia?"

Wiki ya tatu mwalimu alimpigia mjomba simu akiwa amejificha bafuni. "Mjomba, hamna hata kesi ndogo ya kumpa? Hata ya kuku tu."

Ndipo ikaja siku ya magodoro. Mteja wao, mwenye kampuni ya samani, alitaka kununua kiwanda cha mzee mmoja mnene mwenye tabasamu pana, ambaye wote walimwita Bwana Magodoro. Watu kumi na wawili walizunguka meza. Mkuu wa kitengo, kijana mwembamba aliyezidiwa umri na Pingamizi kwa miaka minane, alikuwa amemwonya mapema: "Leo unaandika kumbukumbu tu."

Wakafika kwenye kifungu ambacho muuzaji anathibitisha kwamba hakuna sehemu ya kiwanda yenye mgogoro.

"Hakuna mgogoro hata wa sindano," akasema Bwana Magodoro, akajifuta shingo.

Pingamizi alikuwa ametazama shingo za mashahidi kwa miaka kumi na mmoja.

"Huenda tukaliangalia hili," alisema kwa upole, na mkuu wake akafurahi kuona amestaarabika. "Bwana Magodoro, mteja wetu alipotembelea kiwanda alioneshwa vyumba vingapi?"

"Sita."

"Kwenye ramani viko vingapi?"

"Saba. Cha saba kinapakwa rangi."

"Rangi gani?"

Mkuu akarusha teke chini ya meza. Likampata mteja.

"Nyeupe," alisema mzee. "Krimu."

"Nyeupe au krimu?" Keshasimama, hata yeye hakujua amesimama saa ngapi. "Mlango una kufuli?"

"Unalo."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Bwana Magodoro akamtazama wakili wake, akatazama dari, akajitazama vidole.

"Kwa shemeji."

Yakamwagika yote. Shemeji, msimamizi wa zamani, alikifunga chumba cha kuchanganyia dawa za sponji siku aliyonyimwa ukurugenzi, na tangu hapo, mwaka wa pili sasa, hutembea na ufunguo shingoni. Dawa zilikuwa zinachanganywa kantini.

Mteja, huku akisugua muundi wake, aliangua kicheko. "Ndiyo maana chai yao ilinuka gundi! Mleteni huyo shemeji."

Pingamizi alishaanza kuona kesi kichwani: hati ya madai, zuio la muda, kufuli kama kielelezo namba moja. Kesho yake shemeji akaja amevaa kama bwana harusi, ufunguo juu ya tai. Alitaka mambo mawili: arudishiwe usimamizi, na picha yake itundikwe mapokezini, isiwe ndogo kuliko ya Bwana Magodoro. Siku ya nne walisaini, wakakumbatiana.

"Nani ameshinda?" Pingamizi alimnong'oneza mkuu.

"Wote."

"Haiwezekani. Atakayekata rufaa ni nani?"

"Hakuna."

Akaketi, akajiona kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa, kumbe tupu. Siku nne! Halafu akawatazama wale wawili wakibishana kwa furaha juu ya fremu ya picha, na kicheko kikamtoka bila ruhusa, kile kikubwa cha korido za mahakama, mpaka vioo vikatetemeka.

Mkuu alimwita ofisini, hajui amfukuze au amshukuru. Mwishowe akatoa amri: maswali matatu kwa kila kikao, na aulize akiwa ameketi.

"Nitaiandika iwe rasmi," alisema Pingamizi kwa unyenyekevu.

Ilikuwa karatasi moja tu. Mkuu akaisaini huku anaongea na simu. Katibu muhtasi, aliyeitwa kuwa shahidi, ndiye pekee aliyeisoma hadi chini, kwenye maandishi madogo: *"swali" ni pamoja na maswali yote yatokanayo na jibu lake, "kuketi" ni pamoja na kusimama karibu na kiti.* Akamtazama Pingamizi. Pingamizi akatazama dirishani. Mama akasaini, akaifungia nakala kwenye droo yake.

Mkuu aligundua Jumatatu iliyofuata, kwenye swali la kumi na tisa.