Nilisema Nilimwonya Nassor

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemponza Nassor, na baada ya kumponza nikamsingizia. Yote mawili niliyafanya nikiwa na akili timamu. Soma hadi mwisho, halafu unitukane. Nimestahili.

Mimi ni Mkenya, niko Riyadh huu mwaka wa tano. Nilianza kama soja wa kulinda duka huko Sulimaniyah, kisha nikapata kazi ya udereva kwa kikundi cha watafiti wanaochunguza visulisuli vya jangwani, zile nguzo za vumbi zinazojisokota kupanda juu mpaka hujui zinaishia wapi. Wanarusha droni yenye vipimo, inaingia ndani ya ule upepo, inapima joto na kasi. Mhandisi wetu alikuwa akituambia wakikielewa hiki kisulisuli kidogo vizuri, wataelewa hata zile tufani za ng'ambo zinazobeba nyumba na watu.

Aliyerusha droni alikuwa Nassor. Wazee wake walitoka Unguja, yeye akazaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar. Kuzaliwa huku hakukumpa uraia. Alikuwa na kafili wa kumdhamini na ikama, kibali cha kuishi, kama mimi tu.

Ni yeye aliyenitafutia kazi hiyo. Nilikuwa simjui mtu, akaniombea kwa mhandisi, akanifundisha kila kitu. Wallahi huyo alikuwa ndugu!

Kazi yangu ilikuwa rahisi mno. Nassor akirusha, huketi chini ya turubai la kivuli, kitambaa kichwani, macho kwenye skrini. Haoni kitu kingine. Mimi nasimama kwenye mwinuko na redio ya sisi wawili tu, natazama pande zote. Nikiona kisulisuli kingine kinatujia, nasema neno moja: "Gari!" Anaacha kila kitu, anakimbilia ndani ya gari.

Neno moja tu, jameni!

Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, joto la kuchemsha ubongo. Mhandisi alikuwa kwenye gari lingine, mbali, akipokea vipimo. Mbele yetu kikasimama kisulisuli kizuri ajabu, chembamba, chekundu, kimenyooka kama mnara. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Nilitaka watu wa nyumbani waone kwamba siku hizi sifungui geti, nafanya kazi na mitambo.

Nikamwambia kwenye redio, "Nassor, sogeza droni karibu zaidi! Inatoka poa sana!"

Akaniuliza, "Mkenya, huku nyuma yangu kupo salama?"

Nikamjibu, "Kuko salama, songa!"

Sikugeuka. Ole wangu! Mtu ameniuliza juu ya uhai wake, nami nikamjibu huku nimekodolea simu.

Nilichosikia kwanza ni turubai kupasuka. Nilipogeuka, kisulisuli cha pili, kikubwa kuliko kile cha mbele, kilikuwa kimeshamfunika. Vyuma vya turubai vilikuwa vikizunguka hewani kama njiti. Nikapiga kelele, "Gari! Gari!" lakini nilikuwa napigia kelele vumbi.

Lilipotulia nilimkuta amelala kifudifudi. Chuma kilimpiga usoni. Jicho la kushoto... wacha nisiseme nilichokiona.

Hospitalini mhandisi alinishika bega, akaniuliza kwa upole, "Ilikuwaje? Hukuuona upepo unakuja?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mtu.

Nikasema, "Nilimwonya mara tatu, bosi. Akasema bado kidogo."

Alikuwa ameshika karatasi. Akaandika maneno yangu, nikatia sahihi. Kisha nikaingia chooni nikaifuta ile video, kwa sababu sauti ya Nassor ilikuwa mle ndani, akiuliza.

Nassor alizinduka siku ya tatu. Akaeleza ukweli wake. Nani angemwamini mtu aliyepigwa chuma cha kichwa? Karatasi ilishaandikwa: rubani wa droni alikaidi onyo. Kazi halas, imekwisha. Kafili wake akakataa kumhuishia ikama. Ikawa lazima aondoke nchini, aende Zanzibar ambako hakuwahi kuishi hata siku moja. Na mimi? Mimi nikapewa nafasi yake!

Nilipanda basi hadi Jeddah kumwona kabla hajasafiri. Mama yake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Wewe ndo uliyemwita mwanangu akimbie?"

Nikajibu, "Ni mimi, mama."

"Mungu akulipe kheri. Huyu tangu mdogo mkaidi, ukimwambia kitu hasikii. Laiti angekusikiliza!" Akaanza kulia, na huku analia ananipakulia wali.

Nassor alikuwa ameketi pale pale, bendeji usoni, akisikia yote. Nilikula chakula kile!

Aliponisindikiza chini, akasimama kwenye ngazi. "Nilikuuliza, ukanijibu," akasema. Hakupandisha sauti.

Nikaanza kusema, "Nassor, naomba—"

"Mama usimwambie."

"Kwa nini? Anakuona wewe ndiye mwenye makosa!"

"Mwache anione mkaidi. Akijua kwamba mtu niliyemwamini ndiye aliyenifanyia hivi, hatolala tena. Atabaki hapa peke yake, bwana. Yatosha hayo." Akapanda ngazi akipapasa ukuta kwa mkono, maana alikuwa bado hajazoea kupima hatua kwa jicho moja.

Nilirudi Riyadh nikaifanya kazi yake wiki mbili. Kila nikishika mitambo ile nalisikia swali lake. Mwishowe nikaenda kwa mhandisi, nikamwambia kila kitu.

Hakunifokea. Aliuliza tu, "Mbona leo?" Kisha akasema Nassor ameshapigwa muhuri wa kutoka na ameondoka juzi, karatasi zimefungwa, mafi njia, hakuna la kufanya. Nikatolewa kazini siku hiyo hiyo. Sasa nasubiri karatasi zangu za kurudi nyumbani, na simlaumu yeyote.

Mama yake Nassor hunitumia salamu za sauti kila Ijumaa. Ananiombea dua kwa jina. Sijawahi kumjibu. Nimwambie nini? Mwanawe alinikataza ukweli, nami siwezi tena uongo.

Wewe unayesoma, kama umemsingizia mwenzako kwenye karatasi, amka uende leo. Usingoje mpaka upate ujasiri! Wangu ulikuja ndege ikiwa imeshapaa.