Mke Mwenza Juu ya Kabati

"Nilikuletea saa, shemeji, umenirudishia kichaa."

Fundi saa hakuinua kichwa. Alikuwa na kioo chake kidogo jichoni na kibano mkononi, na mbele yake saa ya mtu imepasuliwa tumbo.

"Inagonga au haigongi?"

"Inagonga."

"Sawasawa na mshale?"

"Sawasawa na mshale."

"Basi kichaa ni nani?"

Huyo mama aliyesimama pale mlangoni, futi kamba ikiwa shingoni, ni fundi cherehani, na mtaa mzima ulimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa mshono. Ukimpelekea kitambaa pungufu anakuuliza, "Nikushonee wewe au nimshonee mdogo wako?" Hakuwa mtu wa kukosa neno. Lakini Jumamosi hiyo alifungua mdomo akaufunga tena, maana alichokuja kukilalamikia ndicho alichokiomba mwenyewe, kwa kinywa chake, siku tatu nyuma.

Saa yenyewe ni ya Kifaransa, ya zamani, ya kukaa juu ya kabati. Usoni imeandikwa Paris. Juu yake ameketi mwanamke wa shaba iliyopakwa dhahabu, kitabu mapajani, shavu mkononi, kama mtu aliyeambiwa asubiri na hakuambiwa asubiri nini. Kidole gumba kimoja hana. Mume wa fundi cherehani, Mungu amrehemu, alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mwenye nyumba mmoja aliyekuwa akihama alimwachia saa hiyo badala ya ujira. Kila Ijumaa aliifuta vumbi kwa kitambaa laini, akimsugua yule mwanamke mabega taratibu. Mkewe akimtazama akisema, "Mimi umenitolea mahari, mwenzangu umempata bure, na bado anapendwa yeye." Ndiyo saa ikaitwa Mke Mwenza.

Mume alipofariki wakabaki wanawake watatu ndani ya vyumba viwili: fundi cherehani, mama mkwe wake asiyeona, na Mke Mwenza juu ya kabati.

Sasa cherehani ikaanza kuruka mishono. Wakaitia mafuta, wakabadili sindano, mwisho fundi wa mashine akasema ekseli imelika, mama, tafuta nyingine. Tafuta, kama vile zinaokotwa. Ndipo akaja mnunuzi wa vitu vya kale, bwana mwenye soksi safi, akaigeuza saa huku na huku, akataja bei inayotosha cherehani mpya na meza yake. Fundi cherehani akajikaza asitabasamu. Saa ikagonga: moja, mbili, tatu.

"Mbovu," mnunuzi akasema.

"Mbovu vipi?"

"Mshale uko kwenye tisa, imegonga tatu."

"Kwani sasa hivi ni saa ngapi, bwana?"

Mnunuzi akatazama mkono wake. "Saa tatu."

"Basi."

Wakatazamana. Mnunuzi ndiye aliyejikusanya kwanza. "Mama, wateja wangu ni watu wa kuhesabu. Saa zote za namna hii, mshale ukiwa kwenye tisa hugonga tisa. Itengeneze. Nitarudi Jumamosi, saa nne."

Alipoondoka, fundi cherehani alikaa chini. Miaka kumi na tisa amekaa na saa hiyo, na hata siku moja hakuwahi kulinganisha kengele na namba. Nani analinganisha? Mshale unausoma kwa jicho, kengele unaisikia kwa sikio, na vyote viwili vikikwambia saa tatu huna la kuuliza. Sasa ameambiwa ni mbovu, akaona aibu, kama mtu aliyegundua ametembea siku nzima gauni limegeuka.

Akaibeba kwa fundi saa, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Fundi saa akaitazama saa, akamtazama na yeye. "Una hakika, shemeji?"

"Nimekuja kutengenezewa au kuhojiwa?"

Akatengenezewa. Hakuchukua hata muda wa chai kuchemka.

Kuanzia hapo nyumba ikavurugika. Asubuhi yake saa ikagonga saba, na mama mkwe akauliza mbona mchana umeingia hajapewa hata chai. Mchana wa saa saba ikagonga moja, na bibi huyo akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akasema, "Jua gani hili la saa moja asubuhi, linaniunguza magoti?" Fundi cherehani akaeleza. Bibi akasema ameelewa. Ikagonga nane, bibi akasema nane, toa sita, mbili, halafu ikagonga moja ya nusu akapotea tena. Naye fundi cherehani, kwa kumhesabia mwenzake, akapotea yeye. Akawa anasikia kengele anasimamisha mguu kwenye pedali, anatazama kabatini, anatazama nje, na siku ya pili akashona mkono wa kulia wa blauzi ya watu upande wa kushoto.

Hayo ya blauzi yangesahaulika. Lakini bibi ana vidonge vya presha, kimoja saa mbili asubuhi, kimoja saa mbili usiku, na vyote alikuwa akimeza mwenyewe kwa kusikia kengele mbili. Ijumaa fundi cherehani aliporudi kutoka dukani alimkuta ameshameza cha saa nane mchana, juu ya kile alichompa yeye asubuhi. Bibi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Imegonga mbili," alisema. "Nilihesabu vizuri, mwanangu. Nimehesabu vizuri au sikuhesabu?"

Swali hilo ndilo lililomtoa fundi cherehani nyumbani Jumamosi asubuhi.

"Bibi anameza dawa mara tatu," akamwambia fundi saa. "Mimi mwenyewe sijui kama nimeamka au nimelala. Ile saa ilikuwa mbovu au haikuwa mbovu? Niambie kitu kimoja nikishike."

Fundi saa akatoa kioo jichoni, akakiweka juu ya meza.

"Haikuwa mbovu. Niliiharibu mimi, kwa kuombwa na wewe. Kengele ya saa hizi ina gurudumu lake la kuhesabia, haiangalii mshale. Marehemu aliileta hapa mwaka ule macho ya mama yake yalipofunga. Bibi alikuwa anasikia tisa, hajui ni tisa ya nani. Mume wako akasema, ifundishe kuhesabu kama sisi. Nikaifundisha."

"Na Jumatano ukaifundishua bila kuniambia."

"Nilikuuliza kama una hakika. Nilidhani unajua, shemeji. Mtu hukaa na mke mwenza miaka kumi na tisa bila kumjua?"

Fundi cherehani akageukia mlango, akasema, "Funga kibanda twende."

Walimkuta mnunuzi ameshafika, ameketi na bibi, soksi safi zikionekana. Walivyoingia tu saa ikagonga kumi. Mnunuzi akahesabu kwa kidole, akatabasamu. "Sasa hiyo ni saa."

"Kumi," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mbona adhana ya... hapana. Toa sita. Ni nne. Ni nne, mwanangu?"

"Ni nne, mama."

Mnunuzi akaanza kufungua mkoba. Fundi cherehani alitazama cherehani yake pembeni, kitambaa cha watu kimeng'ang'ania chini ya sindano. Alitazama yule mwanamke wa dhahabu. Hakumsaidia kitu, alikuwa bado anasubiri.

"Bwana, siuzi."

"Tumekubaliana, mama."

"Tulikubaliana ulipokuwa unanunua saa. Leo unataka kununua macho ya mama mkwe."

"Mnunulieni saa ya betri."

"Ya betri inagonga?"

Bibi akaingilia. "Muuzie, mwanangu. Utashonea nini? Mimi nitauliza tu. Kuuliza hakuchoshi."

"Utaniuliza saa leo, kesho utaniuliza siku, keshokutwa utaniuliza kama umeshakula au bado. Nikutoe kwenye kuhesabu nikuingize kwenye kuomba? Hapana, mama."

Mnunuzi akamtazama fundi saa kama mtu anayetafuta mwenye akili chumbani. Fundi saa akawa anatazama dari. Basi akainuka, akasema wakibadili mawazo dukani kwake wanapajua.

Fundi saa akaigeuza saa, akafungua kifuniko cha nyuma, akainua kijiti chembamba kando ya kengele. Ikagonga moja. Akainua tena, kumi na moja. Tena, moja. Tena, kumi na mbili. Akaendelea hivyo, saa nzima na nusu saa, moja, mbili, tatu, mpaka akaifikisha nne, akaacha. Bibi alikuwa amehesabu zote, midomo ikicheza.

"Leo siku imekimbia," alisema. "Tumelala lini?"

Wakacheka wote, na bibi kuliko wote. Saa ilipofika nne na nusu ikagonga moja, na hakuna aliyeuliza.

"Unanidai nini, shemeji?" fundi cherehani akauliza.

Fundi saa akajikuna sikio. "Hii ya leo, hapana. Ila ile ya kwanza. Marehemu hakuwa na kitu wakati ule, alikuwa anajiandaa kukuoa. Aliniambia, ninaoa fundi cherehani, atakushonea suruali."

"Miaka kumi na tisa hukusema?"

"Mwanzo niliona aibu kumdai bibi harusi. Baadaye nikanenepa."

Fundi cherehani akavua futi kamba shingoni. "Simama wima. Usivute tumbo, nimeshaliona."

Kitambaa alikuwa nacho, cha kijivu, masalio ya kazi ya watu walioghairi. Cherehani iliruka mishono tangu kiunoni, kwa hiyo mapande yote marefu aliyapitisha kwa mkono, siku nne, jioni akikaa dirishani na bibi akimtungia uzi kwenye sindano kwa kupapasa, haraka kuliko mwenye macho. Jumatano fundi saa akaja kuijaribu. Akatoka chumbani akijitazama chini.

"Shemeji, mguu mmoja mrefu."

"Upi?"

"Wa kushoto. Au wa kulia mfupi. Sijui."

"Tembea upesi, hakuna atakayeona."

Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akasema basi, deni limekwisha.